Aliyeizima Picha

Siku walipomchukua Fundi Waya walimkuta juu ya nguzo, anaunga waya ule ule alioukata mwenyewe. Askari wawili walisimama chini ya ngazi, mikono viunoni, kama watu wanaongoja paka ashuke darini.

"Wewe ndiye fundi wa kebo?"

"Ndimi."

"Shuka."

"Namalizia, afande. Nimebakiza kuzungusha utepe tu."

Askari mmoja akaishika ngazi kana kwamba anataka kuitikisa. Hapo watu wa mtaa, waliokuwa wamejikusanya wakijifanya wana shughuli zao, wakafungua midomo. Mama Pasi, mke wa fundi, alikuwa amesimama kizingitini na pasi ya mkaa mkononi. Aliposikia sauti zao alidhani, masikini, kwamba wanamtetea mumewe.

"Afande, si mmwache amalize kwanza?" alisema mwenye duka. "Saa kumi kuna mpira."

"Kweli jamani, ni kazi ndogo tu hiyo," akadakia mwingine. "Hamtapungukiwa kitu."

Askari wakatazamana, wakaona ni busara. Fundi Waya akazungusha utepe, akakaza, akajaribu kwa kidole kama kawaida yake. Televisheni za mtaa mzima zikafufuka kwa pamoja, na vifijo vikatoka madirishani. Watu wakakimbilia ndani kuwahi viti vizuri. Kwa hiyo aliposhuka na kutiwa pingu hapakubaki wa kushuhudia ila mkewe, na mbuzi wa jirani aliyekuwa anatafuna boksi.

"Ngazi uiingize ndani," alimwambia mkewe. "Ukiiacha wataiiba."

Hakuaga kwa neno jingine. Ngazi yenyewe aliiunda kwa mikono yake, vipande viwili vya mbao ngumu vilivyofungwa kwa nati, kwa sababu hakuna ngazi ya dukani iliyofika kwenye kichwa cha nguzo ile. Mama Pasi aliiburuta peke yake. Alipopita mbele ya nyumba ya Mzee Maadili, mwenyekiti wa kamati ya maadili ya mtaa, ncha yake ikagusa ukuta. Mzee akachungulia.

"Taratibu, mama! Utanivunjia kioo."

Kisha akarudi kwenye mpira wake.

*

Kisa chenyewe kilikuwa hivi. Mtaa ule ulikuwa na kebo yake, na kebo hiyo ilikuwa na chaneli ya nyumbani iliyorusha harusi, matangazo ya misiba na sherehe za shule. Mwenye kampuni alikuwa kaka mkubwa wa Fundi Waya. Alitaka aitwe Mkurugenzi, hata na mama yake mzazi, ingawa ofisi aliyoiongoza ilikuwa chumba kimoja chenye feni na mtambo mmoja. Mtambo huo ulikuwa na njia mbili: moja ilipeleka picha kwenye kioo chake mwenyewe pale mezani, nyingine ilipeleka mtaani. Swichi ya kubadilisha ilikuwa ndogo kama punje ya harage. Fundi Waya alikuwa amemwambia mara nyingi, "Kaka, mambo yako ya faragha yanunulie mashine yake." Kaka alijibu kwamba fedha haiokotwi.

Jumamosi ile walirusha sherehe ya shule iliyorekodiwa. Kila nyumba ilikuwa imewasha, maana kila nyumba ilikuwa na mtoto wa kuitwa jukwaani. Kwa Fundi Waya walikaa wote: yeye, Mama Pasi, binti yao wa darasa la tano aliyeshinda zawadi ya kusoma kwa sauti, na bibi yake, mama wa fundi, aliyekuwa amekalia kiti pekee chenye mto. Mwalimu mkuu akasafisha koo. Akafungua karatasi ya majina. Picha ikaruka, na badala ya mwalimu mkuu wakatokea watu wawili ambao hawakuwa na vyeti wala sare.

Mama Pasi akanyakua shuka la mteja lililokuwa kwenye kapu akalitupa juu ya televisheni. Fundi Waya akapiga simu ofisini; ikaita mpaka ikachoka. Akatoka mbio hadi ofisini, akakuta mlango umefungwa kwa ndani na feni inanguruma. Akagonga kwa ngumi, akagonga kwa teke. Akarudi mbio, akabeba ngazi, akapanda nguzo, akaukata waya mkubwa kwa koleo.

Ndipo ikazimika. Ikumbukwe kwamba kila televisheni ina kitufe cha kuzimia, na hata mtoto anayetambaa anakijua. Katika mtaa mzima, wenye wazee wa heshima, walezi, na wajumbe wote wa kamati ya maadili, hakikupatikana kidole cha kukibonyeza. Mtu aliyeizima picha ile alilazimika kupanda nguzo.

Jioni wakawa wameghadhibika. Mzee Maadili aliwaongoza kwenda kituoni kulalamika, na malalamiko yake yalikuwa kamili, tangu mwanzo hadi mwisho, hata rangi ya mapazia ya kile chumba hakuisahau.

Polisi walimuuliza Mkurugenzi nani anashughulikia mitambo.

"Fundi," alijibu, na hakuwa amesema uongo.

*

Mama Pasi hakulia. Alivaa kanga safi, akaanza kuzunguka mtaani kutafuta watu wa kwenda kusema walichokiona. Hakutaka mengi. Mtu mmoja tu angetosha, asimame mbele ya hakimu aseme: nilimwona fundi anatoka nyumbani kwake mbio, nikamwona anapanda, akakata, na picha ikakatika. Mtu hawezi kuwa ofisini anarusha na hapo hapo awe juu ya nguzo anakata.

Alianza na mwenye duka.

"Shemeji, mimi siku ile nilikuwa nahesabu bidhaa," mwenye duka alisema huku akifuta mizani iliyokuwa safi.

"Si ulitoka nje ukampigia kelele, 'Fundi, unafanya nini?'"

"Kelele nilipiga. Lakini sikujua kwa nini anakata."

"Ulikuwa unauliza kwa nini anakata, au ulikuwa unamkataza asikate?"

Mwenye duka akaanza kumhudumia mteja ambaye hakuwepo.

Kwa Mzee Maadili alikaribishwa kiti. Mzee aliongea naye kwa upole, ule upole wa mtu anayekufukuza.

"Mwanangu, fikiria vizuri. Nikisema nilimwona anakata na picha ikazimika, wataniuliza nilijuaje kwamba imezimika."

"Si uliona?"

"Ndiyo hapo sasa. Mtu wa umri wangu, mwenyekiti, niseme mbele ya mahakama kwamba nilikuwa natazama hadi ilipokatwa?"

"Lakini mzee, wewe ndiye uliyepeleka malalamiko. Ulieleza yote."

"Nilieleza kwa niaba ya wananchi."

"Na wananchi waliona kwa niaba ya nani?"

Mzee akasimama, maana yake kikao kimefungwa. "Funika kombe, mwanangu," akasema. "Mambo mengine ukiyachokonoa yananuka zaidi."

Aliporudi nyumbani alimkuta mteja wake wa siku nyingi, yule mke wa mwenye nyumba za kupanga, amesimama uani anachomoa nguo zake kwenye kapu, mbichi, hazijapigwa pasi. Alizishika kwa ncha za vidole.

"Usinielewe vibaya, shoga. Baba watoto amesema nguo zetu zisikae kwenye nyumba ya... ya mambo yale."

"Hamna neno, dada." Mama Pasi akamsaidia kukunja shuka. Lilikuwa ni lile lile alilolitupa juu ya televisheni. Wakashika pembe, huyu huku na yule kule, wakasogeleana kama wanacheza ngoma. "Hivi lakini, dada, ile picha ilikatikia wapi? Mimi nilikuwa nimeifunika, sikuona."

"Si pale yule mwanamke alipoanza kupanda ka—"

Shuka likabaki linaning'inia baina yao.

"Asante," Mama Pasi alisema. "Utakuja kuyasema hayo mahakamani?"

Yule mwanamke akalivuta shuka, akalikunja kifuani ovyo, akaondoka bila kuaga. Mbele ya mlango akadondosha foronya, na hakurudi kuiokota.

*

Mkurugenzi alikuja siku iliyofuata, akamwita mama yake, aliyekuwa akiishi hapo kwa mdogo wake, wakae pamoja. Alileta mkate na sukari, kama watu wanavyokwenda msibani, akaviweka mezani mahali ambapo kila mtu angeviona. Kisha akatoa karatasi aliyopewa na wakili wake.

"Shemeji, nimekaa na wakili, tumeliangalia jambo lote. Sikiliza sheria inavyosema." Akavaa miwani. Alisoma kwa sauti ya kwenye chaneli, ile aliyoitumia kutangaza misiba. "'Mtu yeyote atakayerusha, au kuruhusu kurushwa, picha chafu kwa njia ya kebo, atakuwa ametenda kosa, na akipatikana na hatia ataadhibiwa kwa faini, au kifungo...'" Akakunja karatasi akairudisha mfukoni. "Umesikia? Faini. Wameanza na faini. Mtu akikiri mwenyewe, asipowasumbua, hakimu anampa faini. Faini nalipa mimi, siku hiyo hiyo, anarudi nyumbani anakula na watoto."

"Ana mtoto mmoja," alisema Mama Pasi.

"Ni namna ya kusema."

"Na akisema ukweli?"

"Ukweli upi?"

"Kwamba alikuwa hapa, shemeji. Alikuwa amekaa pale. Na mama alikuwa kwenye hicho kiti alichokalia sasa hivi."

Mkurugenzi hakuonekana kuudhika. Alimgeukia mama yake kama mtu anayempa mwenzake nafasi ya kupita mlangoni.

"Mimi macho yangu siku hizi, mwanangu," mama mkwe alisema, "hayaoni vizuri."

"Mama, jana umenionyesha uzi mweusi kwenye shati jeupe."

"Uzi ni uzi. Mtu ni jambo jingine."

"Tuongee kama watu wazima," Mkurugenzi akaendelea. "Wakinishika mimi, leseni inafutwa. Leseni ikifutwa, mimi nimekwisha, mama hana pa kula, mumeo hana kazi ya kurudia. Wakimshika yeye, ni kosa la mfanyakazi, basi. Kampuni inabaki. Nani mwenye hasara hapo?"

"Wewe ulikuwa ofisini, shemeji."

"Nilikuwa nimepumzika."

"Ulikuwa umejifungia."

"Mtu akipumzika hufunga mlango." Akavua miwani. "Mimi mwenyewe sitaweza kumwona, wakili amenikataza. Wewe ndiye utakayempelekea maneno haya. Mwambie kaka yake amesema akubali. Mwambie faini iko tayari. Au una shahidi?"

Mama Pasi alikuwa na mtaa mzima wa mashahidi, na hakuwa na hata mmoja. Wakili wa kwake hakuwa naye, na wa kumlipa hakumjua. Akabeba maneno yale mahabusu kama yalivyo, hakupunguza wala kuongeza. Mumewe alimsikiliza kutoka upande wa pili wa nondo. Alikuwa amekonda shingo.

"Kaka mwenyewe amesema atalipa?"

"Amesema."

"Na mama je?"

"Mama alikuwepo."

"Basi," akasema. "Kama mama alikuwepo." Akauliza kama ngazi ilikuwa imelazwa au imesimamishwa, maana ikisimama muda mrefu hupinda.

*

Mahakamani Mkurugenzi alikaa benchi la mbele amevaa suti. Watu wa mtaa nao walijaa. Wale ambao hawakupata nafasi ya kuja kusema walipata nafasi ya kuja kutazama.

Hakimu alikuwa mwanamke mwenye haraka. Kosa likasomwa, mshtakiwa akaulizwa kama ni kweli au si kweli.

"Ni kweli," alisema Fundi Waya.

Mwendesha mashtaka akasimama kusoma maelezo. Alisoma kwamba mshtakiwa, akiwa fundi wa kampuni, alirusha picha hizo bila ya mwajiri wake kujua, wakati watoto wa shule wakitazama; na kwamba baada ya kutenda kosa alikimbia, akapanda nguzo, akakata waya mkubwa kwa nia ya kuharibu ushahidi.

Fundi Waya akainua kichwa. Hilo hakuwa ameambiwa. Akamtazama kaka yake. Kaka yake akatikisa kichwa taratibu, kuitikia, kama mtu anayemhimiza mtoto ameze dawa.

"Maelezo hayo ni kweli?" hakimu aliuliza.

"Ni kweli."

"Si kweli!" Mama Pasi alikuwa amesimama bila ya kujijua. "Aliizima! Yeye ndiye aliyeizima, mheshimiwa! Waulize hawa, wote wamo humu!"

Akageuka kuwaonyesha. Mwenye duka alikuwa anafunga kamba ya kiatu. Mzee Maadili alikuwa amefumba macho kama anayesali. Mke wa mwenye nyumba za kupanga alikuwa anatafuta kitu ndani ya mkoba, akakitafuta sana.

"Huyu nani?"

"Mkewe, mheshimiwa."

"Mama, kaa chini. Mwenyewe amekiri."

Askari akamgusa bega. Akakaa.

Hakimu akafungua kitabu akakisoma kile kifungu, na yeye hakuishia njiani. Alisoma faini, akasoma kifungo, akaendelea: "Au vyote viwili kwa pamoja." Akasema kwamba kwa kuwa waliotazama walikuwa watoto, na kwa kuwa mshtakiwa alijaribu kuficha alichotenda, mahakama itatoa vyote viwili. Kifungo cha miaka miwili, na faini. Na faini isipolipwa, mwaka wa tatu.

Mama Pasi alimtazama shemeji yake. Mkurugenzi alikuwa ameinama, anasoma simu yake.

*

Faini haikulipwa. Mkurugenzi alieleza vizuri, kwa maneno ya wakili: akiilipa yeye, itaonekana kama kosa lilikuwa lake, na wakubwa wa leseni wana macho. "Tusubiri mambo yapoe, shemeji." Mambo yalipoa. Kwenye chaneli yake akatokea mwenyewe, na tai, akawaomba radhi watazamaji wote na kuwajulisha kwamba mhusika ameondolewa. Mzee Maadili alimpelekea pongezi za kamati.

Mama mkwe alihamia kwa Mkurugenzi. Siku ya kuhama alikaa tena kwenye kiti chenye mto, kijaluba chake mapajani, akingoja gari.

"Unanichukia," alimwambia mkwewe.

"Nakunja nguo, mama."

"Nina watoto wawili. Mmoja ananilisha, mwingine alikuwa ananipenda. Ungekuwa mimi ungefanya nini?"

"Ningeona vizuri," alisema Mama Pasi, akamsaidia kubeba kapu hadi kwenye gari.

Baada ya hapo wakairusha upya ile sherehe ya shule, ili watoto wasidhulumiwe. Mama Pasi na bintiye waliwasha. Mwalimu mkuu akasafisha koo, akafungua karatasi, akataja majina. Mtoto mmoja akapanda, akapigiwa makofi, akashuka, akafuata mwingine. Ikafika zawadi ya kuandika, kisha ya hesabu, kisha ya usafi. Wimbo wa kufungia ukaimbwa.

"Mama, mimi sikutokea."

"Nimeona."

"Lakini nilipanda. Nilipewa kitabu, kile pale."

Kesho yake Mama Pasi akamuuliza fundi mpya, kijana wa watu asiye na hatia. Alisema ni maagizo ya Mkurugenzi kwa ushauri wa kamati: kile kipande kimeondolewa ili watu wasikumbushwe.

Mama Pasi alirudi ndani, akautoa waya wa kebo nyuma ya televisheni, akaukunja vizuri kwa kuuzungushia kiganjani kama alivyomwona mumewe akifanya, akautundika kwenye msumari. Nguo za kupiga pasi sasa anazifuata mitaa ya mbali, ambako watu hawamjui mumewe.

Majuzi upepo ulivuma, ukaukata waya mkubwa pale pale juu ya nguzo. Ilikuwa siku ya fainali. Fundi mpya alikuja na ngazi ya dukani, akaisimamisha, akafika nusu ya nguzo, akashuka. Haukupita muda uani kwa Mama Pasi pakajaa watu. Mkurugenzi mwenyewe hakuja, alimtuma Mzee Maadili.

"Mwanangu, tumekuja kwa heri. Tunaomba ile ngazi."

"Ngazi ipi, mzee?"

"Ile ya mumeo. Si hiyo hapo imelala?"

Mama Pasi akageuza kola ya shati, akapuliza mkaa wa pasi, majivu yakaruka kidogo kuelekea walikosimama. "Hiyo siwezi kuwapa, mzee. Hiyo ilitumika kuharibu ushahidi. Mmesikia wenyewe mahakamani, mlikuwepo. Mtu wa maadili kama wewe, utashikaje kitu cha jinai?"

"Shemeji, acha utani," alisema mwenye duka. "Mpira unaanza."

"Hesabu bidhaa."

Wakaitazama ile ngazi. Hakuna aliyethubutu kuigusa. Wakaondoka mmoja mmoja, wakinung'unika kwamba mwanamke yule ana roho mbaya, na kwamba si ajabu yaliyompata.

Ngazi imelazwa ukutani, haijasimamishwa. Kuonana na wafungwa ni Jumapili ya kwanza ya mwezi, na kila mfungwa anaruhusiwa watu wawili. Wanakwenda yeye na bintiye. Binti huchukua kile kitabu cha zawadi, na askari akiwa hana neno, humsomea baba yake kwa sauti hadi kengele inapolia.